Kigoda cha Truphena

Truphena alipanda teksi ya Probox pale mjini Rodi Kopany, akakipakata kigoda mapajani. Mniko, dereva, alitaka kukitoza nauli ya mzigo, lakini alipouona uso wa mama huyo akaghairi.

"Mama, kigoda cha nini?" aliuliza abiria mwenzake, kijana mwenye tai, karani wa vikao vya bajeti vya kaunti.

"Mwaka jana nilikuja kutoa maoni kwenye kikao chenu, mkaniambia viti vimejaa. Baadaye nasikia pesa za taa za zahanati yetu zimehamishwa zikajenge ukuta wa ofisi."

"Hiyo ilikuwa bajeti ya ziada, mama. Kuna utaratibu. Kamati inapitia kwanza, halafu wanapiga kura."

"Na jirani yangu Joyline, aliyejifungulia pale zahanati kwa tochi ya simu, angengoja kura?"

Mniko akazima redio. Hapo palikuwa na habari tamu zaidi.

Karani alichungulia simu yake, akatabasamu. "Umejisumbua bure. Kikao kimeahirishwa."

Gari likasimama mbele ya ukumbi wa kikao. Mlango ulikuwa na kufuli. Truphena akashuka, akakiweka kigoda mbele ya mlango ule, akaketi.

"Karani, toa kalamu," alisema. "Andika kwamba mwananchi amefika, ila nyinyi hamkuwepo."