Pumzi ya Mjomba Sponji

Kaeni jamani, na nyie wa nyuma sogeeni, nimepewa kusoma wasifu wa marehemu mimi kwa sababu wakubwa sauti zimewakauka, na nitasoma ninavyoongea, mnivumilie.

Mjomba wetu, fundi makochi, tuliyemwita Sponji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, kitindamimba wa bibi, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, akajifunza kazi kwa fundi mmoja karibu na stendi, na mwaka 1991 akafungua chumba chake, mlango wa bluu, cherehani moja. Alioa mwaka 1996, wakajaliwa binti, ndoa ikaja kuvunjika, mama na binti wakahamia mbali, yeye akawa analala kwenye kochi la mteja asiyerudi kulichukua, ukimuuliza anasema, "Namlindia mwenyewe."

Mwaka 2019 kifua kikaanza kupiga filimbi, wote tukasema ni vumbi la sponji, zahanati wakasema pumu, akavuta dawa miaka minne, akafunga kazi, akajikalia peke yake, na filimbi haikunyamaza. Juni 2023 ndipo daktari wa hospitali kuu akampitishia kamera kooni, akakuta uvimbe wa tezi za mate, umeota ndani ya njia ya hewa, mahali ambapo daktari mwenyewe alisema hajawahi kuuona.

"Ni kansa?" tukauliza.

"Si kansa, ila usicheleweshwe."

Sisi tulisikia lile la kwanza tu, tukapiga vigelegele, kila mtu akarudi kwake, mjomba akabaki anangoja zamu ya upasuaji.

Alifariki tarehe 14 Agosti, zamu yake ikiwa wiki inayofuata. Asubuhi hiyo alimpigia mama yangu, dada yake, mama akasikia upepo tu, akasema, "We Sponji, mtandao gani huo, nitakupigia," akakata. Mjomba akapiga tena, mama akakata tena. Mama ndiye kasema niyasome haya, watu wasije wakanong'ona pembeni.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliovunja mlango, na mafundi wenzake waliolitandikia jeneza sponji nzuri kuliko yoyote aliyowahi kulalia. Lala mjomba, hakuna kinachokubana tena.

Na wewe uliyekaa hapo, simu ingeita, jina lake kwenye kioo, usikie upepo tu, ungefanyaje?