Sahihi ya Mwalimu Hubert Lotsima

Mwalimu Hubert Lotsima alizaliwa Iga Barrière tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa tatu wa marehemu muzee Mathieu na mama Honorine. Ndugu zake walipopanda mti kuangua avoka, yeye alisimama chini akizidaka. Mama alikuwa akitamba sokoni: "Avoka yangu haina kovu, ni Hubert alidaka!" Ukipa wake ulianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi palepale Iga na sekondari Bunia, akapata diplome ya ualimu mwaka 1998. Tangu 1999 alifundisha darasa la tano huko Shari, na jioni alilinda goli la FC Mwangaza. Mwaka 2019 alifanywa kocha wa ekipe hiyo.

Tarehe 19 Agosti 2006 alifunga ndoa na Brigitte, aliyekuwa amemwambia wazi kwamba mtu wa mpira hamtaki, bali mwalimu anamtaka. Hubert alijibu kwamba atakayekuja kuposa ni mwalimu.

Mwaka 2023 Président Félicien, mwenye ekipe, aligombea ubunge. Wachezaji walisaini mikataba ya mshahara wa kila mwezi, wakavalishwa jezi zenye picha yake, wakazungushwa mjini juu ya lori. Aliyewashawishi ni Hubert. "Huyu ni mutu yetu," aliwaambia. Félicien alishinda. Mshahara ulitoka mwezi mmoja, ukakoma.

Februari 2024 ligi ilidai uthibitisho kwamba wachezaji wanalipwa. Félicien alimwita Hubert.

"Mwalimu, sinya hapa kama wote walilipwa. Bila hii karatasi watatufukuza mu championnat. Nitawalipa kisha. Na weye, kuko nafasi ya direkta kwenye shule yenye ninajenga."

Hubert alisaini. Familia haitasema kwamba alilazimishwa. Yeye mwenyewe alikataza neno hilo.

Mwezi wa Juni, Kamate, beki kijana kutoka Tchomia, aliumia goti vibaya uwanjani. Hospitali ilitaka malipo kabla ya kumpasua. Félicien alipoendewa, alitoa ile karatasi mezani.

"Mwalimu wenu mwenyewe alisema siko na deni. Munataka nini tena?"

Hubert aliuza pikipiki na ng'ombe wake wawili, lakini fedha zilipotimia goti lilikuwa limeharibika kabisa. Alikwenda Tchomia kuomba msamaha. Alimkuta Kamate ameketi, akipanga samaki juu ya moshi. Kijana hakuinua uso.

"Mwalimu, Président hatukumuamini hata siku moja. Siye tuliamini weye."

Tangu siku hiyo Hubert hakulala vizuri. Septemba 2024 alikwenda ligi kwa miguu yake mwenyewe, akaungama mbele ya wakubwa wote kwamba alisaini uongo. Ligi ilimfungia miaka miwili. Félicien hakuulizwa kitu. Bado ni mbunge, bado ni Président.

Januari 2025 presha ilimwangusha darasani, ikampooza upande wa kuume. Félicien alimtembelea hospitalini akiwa na bahasha na mpiga picha. Hubert, kwa mdomo uliopinda, alisema maneno matatu tu: "Peleka kwa Kamate." Picha ilipigwa, bahasha ikarudi mfukoni. Hadi leo haijafika Tchomia.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka arobaini na saba. Mdogo wake Dorcas, anayewasomea maneno haya, alimwomba kabla hajafa amruhusu kuacha mambo mengine yasisomwe. Alikataa. "Musome yote. Nilisinya uongo moja, inatosha."

Anamwacha mama yake Honorine, mjane wake Brigitte, watoto wanne, Clarisse, Chris, Gentille na Dady, na wachezaji kumi na tisa ambao jasho lao halijalipwa. Kamate amekuja kutoka Tchomia na magongo yake. Ameomba atupe udongo wa kwanza kaburini, na familia imemkubalia. Hakusema kama amesamehe, nasi hatukumuuliza.

Mungu, anayemjua Hubert kuliko sisi, ampokee na kumpumzisha.