Jumamosi ya Kisiki: Kumbukumbu ya Mama Happy wa Igawa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Kama unasonga ugali, endelea kusonga, utatusikia hukohuko jikoni. Kama uko shambani, pumzisha jembe kidogo. Leo tunamkumbuka Blandina Kalinga. Wengi mlimwita Mama Happy. Blandina Kalinga, fundi cherehani wa Igawa, mwanzilishi wa Klabu ya Tujitume. Alitutoka wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo.

Msiba ni msiba, tunajua. Lakini familia yake imetuomba jambo moja. Happy, binti yake, ametuambia hivi: "Mkimsimulia mama kwa sauti ya kulialia, atawakasirikia huko aliko. Mama yangu alikuwa na kelele. Msimulieni hivyohivyo."

Sawa, Happy. Tutamsimulia kwa kelele.

Blandina alizaliwa Kalenga, mkoani Iringa. Mhehe wa Kalenga. Ushonaji alijifunza kwa masista wa Tosamaganga, na huko ndiko mume wake alikomkuta. Mume wake ni Mzee Amos, Msangu, mkulima wa mpunga. Siku hiyo Amos alikuwa ameleta magunia ya mchele kuuza. Msichana mmoja akatoka darasa la ushonaji, akachota mchele kiganjani, akaunusa, akamwambia mbele za watu kwamba huo ni wa mwaka jana.

"Na kweli ulikuwa wa mwaka jana," Mzee Amos alituambia juzi, akicheka huku macho yamejaa machozi. "Nikasema, huyu nikimwacha hapa atanifukuzia wateja wote. Heri nimuoe."

Akamuoa. Akamleta Igawa, mji wetu mdogo kwenye barabara kuu, pale mabasi ya Mbeya yanaposimama na abiria wananunua mahindi ya kuchemsha kupitia dirishani. Blandina akaweka cherehani yake barazani, akageuza kiti kuelekea barabara. Alishona sare za shule. Pembeni yake alikuwapo fundi pikipiki, Gwakisa, kijana wa Tukuyu. Basi kutwa nzima, cherehani inalia huku, pikipiki inanguruma kule, na wawili hao wanapiga soga kwa kupayuka.

Klabu ilizaliwa katika kupayuka huko. Blandina alichoka kuona maganda ya mahindi yanafunika stendi. Asubuhi moja akashika fagio. Gwakisa akaona aibu, naye akashika. Baadaye wakaja wauza vitunguu, wakaja vijana wa bodaboda. Blandina akawashonea vitambaa vya kijani vya shingoni kwa mabaki ya sare. Wakawa wanafagia stendi. Wakawa wanasimama na bendera nyekundu kuwavusha wanafunzi barabara. Wakawa wanawachotea maji bibi na babu wasio na mtu. Jumamosi moja wakapanda basi hadi Mbeya kuchangia damu, wakarudi wanaimba.

Mjini watu waliwacheka. Waliwaita Jeshi la Mifagio. Blandina akipita, mtu anampigia saluti. Naye anasimama, anairudisha saluti, kisha anamwonyesha taka iliyo karibu na mguu wake. "Afande, na hiyo je?"

Wasikilizaji wapendwa, ilifika siku ambayo hakuna aliyecheka. Ilikuwa wakati wa mvua. Mwanamke mjamzito alitoka vitongoji vya ng'ambo ya mto, kule kwenye mashamba ya mpunga. Njia ilikuwa imezama. Walimbeba kwenye baiskeli, wakamvusha kwa shida, na walipofika barabarani uchungu ulikuwa umemzidi kabla ya kufika zahanati. Alijifungulia barazani kwa Blandina, nyuma ya cherehani. Blandina alichana kitambaa kipya cha sare kumpokea mtoto. Mtoto hakulia.

Mama yule alipona. Mtoto hakulia.

Mzee Amos anasema mkewe alirudi nyumbani akakaa bila kula. Asubuhi alimfuata Gwakisa kabla hajafungua kibanda. "Tunajenga nyumba," alimwambia. "Pale zahanati. Wajawazito wa ng'ambo waje mapema, kabla njia haijazama. Wale, walale, wasubiri siku zao karibu na muuguzi."

"Dada Blandina, sisi tunafagia," Gwakisa alijibu. "Tumejenga nini sisi?"

"Tutaanza na hiyo."

Nyumba ya kusubiria. Iishe kabla ya mvua nyingine. Hilo tu ndilo alilotaka. Na safari hii alikuwa na mtu akilini. Ikupa, mke wa kijana mmoja wa ng'ambo, alikuwa mjamzito, na siku zake zingeangukia katikati ya masika. Kila Ikupa alipovuka kuja kliniki, Blandina alimtazama tumbo, kisha akatazama mawingu.

Klabu ikafyatua matofali kiangazi kizima, ikayachoma. Zahanati ikawapa kiwanja. Tatizo likawa kisiki. Katikati ya kiwanja palikuwa na kisiki cha mlingoti, yaani mkaratusi, kikubwa, mizizi imeshika ardhi kama ina hati yake. Jumamosi moja walikichimba, kikawashinda. Wakarudi Jumamosi nyingine, wakavunja mipini ya majembe tu. Msingi haukuweza kuchimbwa. Na upepo ukaanza kunukia mvua.

Hapa ndipo Blandina aliposema neno ambalo Igawa haitalisahau. Sikilizeni vizuri, wapendwa. Mgowe. Ni neno la kwao Wahehe, na Wabena wanalo. Ukiwa na kazi kubwa kuliko mikono yako, unaita mgowe. Majirani wanakuja na majembe, wewe unapika, unaandaa kinywaji, mnaifanya kazi pamoja mpaka iishe. Huo ndio mgowe.

Blandina akamwambia Gwakisa achukue kipaza sauti, azunguke na pikipiki, atangaze mgowe Jumamosi pale zahanati. Alimwambia huku anashona. Cherehani inalia. Gwakisa naye alikuwa anajaribu injini. Na kwao Tukuyu neno hilo halipo.

Gwakisa akazunguka mji mzima. "Wananchi wa Igawa, Jumamosi asubuhi, wote tukutane zahanati. Mng'oe! Narudia. Jumamosi, mng'oe!"

Mng'oe, wasikilizaji wapendwa. Mng'oe nani?

Igawa haikuuliza. Ilijijibu. Siku hizo bomba la maji lilikuwa limekauka, na watu walikuwa wamemnunia mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Silvester. Kufika jioni, kila baraza lilijua kwamba Jeshi la Mifagio linamng'oa mwenyekiti. Waliomchukia wakanoa ndimi. Waliompenda wakaapa kumlinda. Mzee Silvester mwenyewe akapiga pasi koti lake jeusi.

Jumamosi Blandina alifika zahanati alfajiri na mafiga yake. Alipika kande, alileta togwa kwenye ndoo. Alitarajia wanaklabu wake na majirani wachache wenye huruma. Alipoinua kichwa akaona watu wanashuka kutoka stendi, watu wanatoka sokoni, watu wanavuka barabara mpaka malori yanapiga honi. Akamgeukia Gwakisa. "Umewaambia nini hawa? Kande yangu haifiki hata nusu yao."

"Nimewaambia ulichosema, dada. Mng'oe."

Happy alikuwepo. Anasema mama yake alikaa chini, juu ya kile kisiki, akajifunika uso kwa kitambaa cha kijani. Watu wakadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatetemeka.

Mzee Silvester akafika mbele yake, kakunja uso, wafuasi nyuma. "Mama Happy. Sare za watoto wangu wote umeshona wewe. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwenyekiti. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Sasa unaning'oa kwa kosa gani?"

Blandina akasimama. Akawaeleza wote, kwa ile sauti yake ya kupayuka, mgowe ni nini, na nyumba ni ya nani. Akawaeleza habari ya mtoto aliyezaliwa nyuma ya cherehani. Kisha mtu mmoja nyuma, mwenye hasira ya kupotezewa asubuhi yake, akasema kwa nguvu, "Kwa hiyo hang'olewi mtu leo?"

"Mtu hapana," Blandina akajibu. Akasogea pembeni, akaonyesha chini. "Lakini kama mmekuja na nguvu za kung'oa, msirudi nazo nyumbani. Huyu hapa. Ametushinda."

Halafu Mzee Silvester akavua koti. Akalikunja vizuri, akampa mkewe. "Leteni kamba," akasema. "Na wale walionijia mimi, washike upande wa kule. Tuone kama mna nguvu kweli."

Wasikilizaji wapendwa, hakuna mgowe uliowahi kuwa kama ule. Wafuasi wa mwenyekiti kamba hii, wapinzani kamba ile. Wanaume wakakata mizizi kwa mashoka. Wauza mahindi waliacha mahindi. Dereva wa lori alisimamisha lori, akashuka na mnyororo wake wa kuvutia magari. Mtu akiteleza, upande wa pili unamshangilia. "Vuta, mwenyekiti, au bomba limekukausha na wewe?" Naye anajibu akihema, "Vuta wewe, ukimaliza nitakuletea maji mdomoni."

Kisiki kikaitika. Kwanza ufa mdogo. Kisha ardhi ikapasuka kwa mlio uliosikika stendi, na kisiki kikainuka na mizizi yake yote, na Igawa nzima ikaanguka chali.

"Mwe," Gwakisa alituambia, "nilisahau kwamba ni mimi niliyekosea. Nilidhani nimepanga mwenyewe."

Kande haikutosha. Togwa ilionjwa kwa kijiko. Hakuna aliyeondoka. Jioni hiyo msingi ulichimbwa, na Jumamosi zilizofuata Mzee Silvester alikuja na watu wake, na waliokuwa hawampendi walikuja ili wasizidiwe. Kuta zikapanda. Bati za mwisho zilipigiliwa huku mvua inadondoka, na aliyekuwa juu ya paa akipigilia, amelowa chepechepe, ni mwenyekiti.

Siku iliyofuata Ikupa alivuka mto na kibegi chake, njia ikiwa bado inapitika. Blandina alimpokea mlangoni. Alimtandikia kitanda, akakaa naye karibu kila jioni, akimshonea mtoto vinguo. Mtoto alizaliwa zahanati, mikononi mwa muuguzi. Mzee Amos anasema mkewe alikuwa nje dirishani wakati huo, katika mvua, anasubiri sauti moja tu.

Mtoto alilia.

Blandina alirudi nyumbani akikimbia. "Nikamuuliza kuna nini," Mzee Amos anasema. "Akaniambia, mume wangu, nimemsikia. Ana kelele kama mimi."

Wasikilizaji wapendwa, Blandina Kalinga ametutoka. Kwa Mzee Amos, kwa Happy, kwa ndugu wa Kalenga na kwa Klabu ya Tujitume, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe Blandina. Kwako unayesikiliza tunaomba tafakari ndogo. Katika mtaa wako yupo mtu anayeitazama mvua kwa hofu. Unamjua. Kazi yake imezidi mikono yake. Jumamosi hii una nini cha kufanya?

Ujumbe umeingia kwenye simu yetu sasa hivi. Unatoka nyumba ya kusubiria, Igawa. Nausoma kama ulivyo: "Tuko hapa wanne, tumesikiliza tangu mwanzo. Mwenzetu amejifungua usiku na mtoto ndiyo kwanza amelala. Tafadhali mtangazaji, punguza sauti."

Haya, mama. Tunapunguza.