Shavu la Yaya Kapinga na siku tisa za mulango uliofungwa

Ba mama na ba tata, familia inawasomea maisha ya yaya, dada yetu mukubwa, Kapinga Tania, nayo inawaomba musikilize mpaka mwisho, hata pale itakapouma.

Alizaliwa Kolwezi tarehe 14 mwezi wa tatu 1979, mutoto wa kwanza wa Tata Beya, mufanyakazi wa mugodi aliyetoka Kasai, na Mama Kanku, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1998, akajifunza kushona, na bengi kati yenu muliolewa mu robe za mukono wake. Mwaka 2001 aliolewa na Tata Ntambwe, fundi wa reli ku Tenke, aliyemutangulia mwaka 2017, akamuachia mutoto mumoja, Mignonne, anayekaa Mutshatsha na bwana yake, na tangu pale alibakia peke yake, mu nyumba yake hakukusikika tena sauti isiyokuwa ya mashini ya kushona.

Siku ya ine ya juma, tarehe 30 mwezi wa tano 2024, shavu la kuume likavimba, jirani akachungulia ku dirisha, akatangaza, "Ni oreillons, matubwitubwi, banaume musikaribie, mutakosa kuzaa," na ba tata bazima, benye batoto munane tayari, bakakimbia lupango, kiwanja cha nyumba yake, kama mbuzi mbele ya mvua, ba mama bakaweka sahani ya bukari ya unga wa mahindi ku mulango, bakapiga hodi, bakarudi mbio. Mudogo wake Josias, licencié en biologie, aliyesomea biolojia ku chuo kikuu, akazungusha CV mu Fungurume miaka mitatu akitafuta kazi kwa bure, alipopigiwa simu alijibu, "Yaya, bakia mu nyumba, itapita," quelle honte, aibu gani, na ule anayewasomea karatasi hii ndiye yeye. Hakuna hata mumoja aliyemuomba afungue kinywa.

Siku ya posho, tarehe 8 mwezi wa sita, ku simu sauti yake haikutoka tena, Josias akakuja, akamupeleka hospitali, docteur akafungua kinywa kwa shida, akakuta jino la nyuma limeoza, akaling'oa, akapasua chini ya taya, usaha ukatoka, akatia antibiotique mu mushipa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshuka mu shingo mpaka mu kifua, na asubui ya siku ya yenga, batu bakienda misa, tarehe 9, akakata pumzi. Docteur alisema, kama angeletwa mapema, ni jino kung'oa, dawa, na kurudi ku mashini yake.

Familia inashukuru docteur na ba infirmiers, bauguzi baliomugusa bila woga, ba collègues bashonaji balioshona nguo anayovaa leo, na majirani kwa bukari, tuliikuta yote imekauka, hakuweza kutafuna.

Uso wake umeoshwa, uvimbe umeshuka, anayetaka kumuaga akaribie, ba tata mbele, jino haliambukizi mutu.

Yaya, pumzika kwa amani, kati ya batu.