Pumzi ya Wabeba Machela

Mzee Onema alikuwa amefumba macho, mkono juu ya tumbo, akiwaonyesha watoto wake namna ya kufuata pumzi mpaka hasira ipoe, ndipo Bakari, mwanawe mdogo, alipocheka. Kandambili ya mzee ikaruka kutoka kitandani, ikamkosa Bakari, ikampata usoni jirani Zéphirin, aliyekuja kumwombea mzee katika ugonjwa wake. Zéphirin akachukua kofia yake, akaenda zake. Françoise, binti wa mzee, akaiokota kandambili na kuiweka mbali na mkono wa baba yake.

"Chekeni," mzee akasema. "Chekeni sana wanangu, kisha mnisikilize, maana kifua hiki hakitaniruhusu kurudia. Ndiyo, nimemtandika mtu wa Mungu nikiwafundisha utulivu. Miaka yote hii ninakaa kibarazani nikifuata pumzi yangu, padri akaniita mpagani, Waislamu wakauliza ninaswali kuelekea wapi, watoto wa barabarani wakaniita Mlinzi wa Pua, na hasira bado inanishinda. Basi fikirieni ningekuwa mtu gani bila hiyo pumzi. Ninyi wawili ningekwisha kuwazika zamani.

Wewe Okito, mkubwa wao, ndugu mwananchi, citoyen wa kamati, mwenye beji ya chama kifuani hata ukienda chooni: ulimtia ndugu yako mahabusu kwa sababu hakufika kwenye salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani ya barabara. Ndugu yako wa tumbo moja! Nawe Bakari, ulipofunguliwa, ulipanda juu ya nyumba ya kaka yako mvua ikinyesha, ukang'oa mabati, watoto wake wakalala ndani ya maji kama samaki. Tangu hapo mnaishi kiwanja kimoja na hamsemezani. 'Françoise, mwambie huyo muntu asogeze baiskeli yake.' 'Françoise, mwambie huyo muntu baiskeli iko mahali pake.' Dada yenu mmemgeuza waya wa simu! Basi nyumba hii njo ya Françoise, ni yake peke yake. Usinikunjie uso, Okito, sijamaliza. Mtumbwi mkubwa ni wenu wawili, na mnajua mtu mmoja hauwezi. Uacheni uoze ufukweni, au mpande pamoja.

Mnajua Wazungu walitupeleka vitani Burma kubeba majeruhi. Mmechoka na hadithi hiyo, lakini kipande hiki sijawapa. Nilipewa machela moja na mwanamume wa Punia, jina lake Masudi, na tulikuwa tunachukiana tangu melini. Yeye mbele, mimi nyuma. Yeye anakwenda mbio makusudi nijikwae, mimi ninaburuta miguu makusudi achoke. Siku moja, kwenye mteremko wa matope, tukamwangusha majeruhi, akabingirika mpaka mlangoni kwa watawa wa Buda, akitutukana kwa Kiingereza. Akatoka mtawa mzee, kichwa kimenyolewa. Nilidhani atatupiga. Akatukalisha chini, mkono wake mmoja juu ya tumbo langu, wa pili juu ya tumbo la Masudi, akangoja. Hatukuwa na lugha moja naye. Hewa ikiingia, anainua kidole; ikitoka, anakishusha. Akili yangu ikikimbilia kumtukana Masudi, sijui alijuaje, ananigonga tumbo polepole: rudi hapa. Ni hivyo tu. Hakuna dawa, hakuna shetani wa kuitwa. Tukamwinua yule majeruhi, tukivuta pumzi pamoja na kutoa mguu pamoja, na hakuanguka tena. Masudi sikumpenda mpaka leo. Tieni hilo masikioni: sikumpenda. Lakini tulibeba.

Njo hiyo pumzi niliyoitumia hapa Kindu, kwenye foleni ya sementi, kituoni nikingoja treni isiyofika, mbele ya askari wa kivukoni aliyemtaka mbuzi wangu. Mbuzi alimchukua. Mimi nilirudi nyumbani na meno yangu yote, ninyi mngalirudi kwenye machela.

Sasa agizo. Jeneza langu litashikwa mbele na Okito kulia, Bakari kushoto. Sitaki watu wa kamati, sitaki vijana wa kukodi. Njia ya makaburini inateremka, na mvua zimeanza. Mkinibwaga mbele ya majirani wa kartie nzima, nitafungua kifuniko niwatukane... Ngoja. Ngoja kwanza... Inaingia... inatoka. Françoise, uache kuniinulia huo mto. Hewa ya chumba hiki imekwisha. Nataka kibarazani, niyaone maji ya Lualaba. Godoro hili lina pembe nne, ninyi mna mikono minne, sasa hivi nione kama... kama mtaweza nikiwa hai. Mungu awape vifua vipana. Awape watoto wasiofanana na ninyi... wala na mimi. Awaweke... Nibebeni, basi. Nibebeni."

Ndugu wawili walisimama, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wote wakimtazama Françoise kama walivyozoea, apeleke neno. Françoise akageukia ukuta. Kifua cha mzee kilipanda, kikakawia, kikashuka. Bakari akainama, akashika pembe za kichwani.

"Okito, mjinga wewe," akasema, "shika miguuni. Na uvute pumzi."