Kofia Ambayo Pius Hakumvika Mwenzake

Wapendwa, mimi ni Belinda, mdogo wake marehemu, nami naishi hapa Dubai. Tumekutana hapa Al Qusais kumuaga kabla sijasafiri na mwili wake kurudi nyumbani.

Marehemu Pius Rwegasira alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1992. Shuleni kwao, aliyenaswa akiongea Kihaya alivishwa kofia ya boksi yenye masikio ya punda, imeandikwa "Punda". Aliyevishwa aliivua pale tu alipomtaja mwenzake aliyekosea, ikamhamia huyo. Pius alivishwa akiwa darasa la tatu. Aliwasikia wengi wakiteleza, hakumtaja hata mmoja, akakaa nayo hadi shule ilipofungwa. Jina la Punda lilimfuata mpaka darasa la saba.

Tarehe 28 Julai 2012 alifunga ndoa na Emiliana. Mungu akawajalia binti, Daisy.

Mwaka 2017 alikuja Dubai, akafanya kazi ghalani. Kila alipopewa kofia ngumu ya kazi, aliigeuza kwanza aone kama imeandikwa kitu. Evans, aliyeishi naye chumba kimoja, alimtania, "Yalla, Pius! Hiyo haina masikio, vaa twende!" Naye alicheka.

Jasho lake lilimsomesha Daisy shule ya Kiingereza. Mwezi uliopita Emiliana alipiga simu: Daisy amevishwa kofia kwa kuongea Kiswahili, hataki tena shule. Kofia ileile! Nina hasira, na sitaificha mbele ya jeneza hili.

Pius aliomba ruhusa aende akaonane na mwalimu. Kabla hajajibiwa, Ijumaa tarehe 6 Februari, alibanwa na kifua kazini, akalazwa. Jumatatu alimtumia binti yake ujumbe wa sauti: "Mama, usimtaje mtu. Ivue, kaiweke mezani kwa mwalimu. Mwambie baba amesema."

Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, kwa maradhi ya moyo.

Ameacha mjane, Emiliana, binti, Daisy, mama yetu mzazi, na mimi. Asubuhi ya Jumanne hiyo, kabla taarifa za msiba hazijamfikia, Daisy alikwenda shule. Mchana jibu lake liliingia kwenye simu ya baba yake, nikalifungua mimi: "Baba, nimeiweka mezani. Ukija, utanisindikiza shule?"

Kaka, pumzika kwa amani. Nitamsindikiza mimi.