Kitambaa cha Mzee wa Kituo cha Mafuta

Binti wa mwenye kituo cha mafuta alikuwa kwenye basi, anakwenda kumsihi baba yake akiuze, maana magoti yamemwisha. Kwenye siti ya mbele yake, abiria wawili wasiojua yeye ni nani walikuwa wakimjadili mzee huyo.

"King'ang'anizi yule! Si auze akapumzike?" alisema mmoja wao, mshona viatu.

"Apumzike nini, kaka?" alijibu mwenzake, mama mjane. "Gari lililombeba marehemu mume wangu liliposimama kujaza mafuta, mzee alifuta vioo vyote polepole, kama anamwosha mtu."

"Na magoti je?"

"Magoti ni yake, mzee ni wetu!"

Basi likaingia kituoni. Baba yake akaja akichechemea, kitambaa begani, akaanza na kioo cha dereva kabla hajamsalimu mwanawe.